Siku Isiyokuwa na Saa Sita na Nusu

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo ikweta imepita katikati yake. Kwa sababu hiyo jua la nchi ile lilikuwa na adabu: lilichomoza saa kumi na mbili alfajiri na kuzama saa kumi na mbili jioni, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, bila kusukumwa na mtu. Wananchi walilizoea hata wakaacha kulishukuru.

Katika mwaka wa kumi na tisa wa utawala wake, Mheshimiwa Rais alikwenda kutibiwa jino katika nchi ya baridi. Huko akaona ajabu. Saa tatu usiku, na jua bado liko juu, watu wamekaa nje wanakunywa chai! Alipouliza, akaambiwa kuwa wenyeji husogeza saa zao mbele kila mwaka ili jioni zao ziwe na mwanga. Akarudi na jino jipya na kinyongo. Palepale uwanja wa ndege akawaambia waandishi wa habari: "Wenzetu wana jua mpaka saa tatu usiku. Letu linalala na kuku. Nani aliidhinisha?"

Hakuna aliyejitokeza. Wiki hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Kurefusha Mchana, kwa kura zote, zikiwamo za wabunge wawili waliokuwa wamekwisha zikwa. Sheria ilisema kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, baada ya saa sita mchana, Rais atabonyeza kitufe mbele ya umma. Haikusema atabonyeza dakika gani, maana Rais hapangiwi. Ilisema tu kwamba akibonyeza, saa yoyote itakayokuwapo, papo hapo itakuwa saa saba. Miezi sita baadaye wananchi wangerudishiwa saa yao, wakiwa wameitumia vizuri.

Nchi nzima ilishangilia, au angalau ilionekana ikishangilia. Aliyekosa raha kabisa alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani, mtumishi wa Kituo cha Kompyuta cha Taifa.

Kazi ya Bi Sikudhani ilikuwa kupanga ratiba za kazi ziendazo zenyewe. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na kila moja ilikuwa na dakika yake, ambapo kompyuta iliifanya bila kuambiwa na mtu. Kazi namba moja ilipiga wimbo wa taifa redioni alfajiri. Kazi namba arobaini iliwatakia mawaziri heri ya siku ya kuzaliwa. Serikali ilizipenda sana kazi hizi, kwa sababu likitokea jambo baya hapakuwa na sahihi ya mtu chini yake.

Mbili kati ya kazi hizo zilihusu gereza, ambalo kwa lugha ya serikali liliitwa Nyumba ya Mapumziko. Mtu aliyeisumbua serikali alipelekwa huko kupumzika siku tisini. Siku ya tisini, saa sita na nusu mchana, kazi namba mia na kumi na nne ilichapa barua ya kumwachia huru. Saa saba kamili ikafuata namba mia na kumi na tano. Hiyo ilimtafuta kila ambaye siku zake zimekwisha na hana barua, ikamwongezea siku tisini nyingine, kwa usalama wake mwenyewe.

Mume wa Sikudhani, Shomvi, alikuwa akipumzika huko. Shomvi alikuwa mchapaji wa kalenda za ukutani, zile zenye saa za jua kuchomoza na kuzama. Kalenda yake ya mwaka ule ilionyesha saa kumi na mbili na saa kumi na mbili, ukurasa kwa ukurasa, na askari waliokuja kumchukua walisema ni kitendo cha kuwaonyesha wananchi jua la zamani. Siku yake ya tisini ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu.

Sikudhani aliligundua jambo hilo Jumatatu, akiwa na kalamu mkononi. Sherehe ilipangwa kuanza saa sita kamili; Rais akibonyeza mapema, ni saa sita, halafu saa saba. Alirudia kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Siku hiyo saa sita na nusu isingekuwapo, barua isingechapwa, na ile ya saa saba ingefika kama kawaida yake na kumkuta mumewe hana barua.

*

Mkurugenzi wa Kituo, Bwana Ngwilizi, alimsikiliza huku akikata kucha.

"Mkurugenzi, Jumamosi hakutakuwa na saa sita na nusu."

"Nani kaiondoa?"

"Mheshimiwa Rais."

"Basi haikuwa muhimu."

"Kuna barua ya kuachiwa mtu inayotoka dakika hiyo. Naomba ruhusa niisogeze nyuma, itoke saa tano."

Bwana Ngwilizi akaacha kucha. "Una mtu wako kule?"

"Mume wangu."

"Basi una maslahi binafsi, hufai kulizungumzia jambo hili."

"Na kama nisingekuwa na mtu?"

"Nisingeelewa linakuhusu nini." Akalainisha sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkurugenzi tu. "Bi Sikudhani, sheria haina hiana. Jaza fomu. Kamati ya Ratiba itakaa iizungumze."

"Inakaa lini?"

Akafungua daftari lake. "Jumamosi, saa sita na robo mchana."

Alijaza fomu hata hivyo, nakala tano. Katika siku nne zilizofuata alifua shati la mikono mirefu la mumewe, lile la samawati, akalipiga pasi, akalikunjua, akalipiga tena. Kilichomtuliza kilikuwa kitu kimoja tu: katika miaka kumi na tisa Mheshimiwa Rais hajapata kuwahi popote. Kwenye harusi za watu alifika bibi harusi akiwa amekwisha kula. Uchelewaji wake mfupi kuliko wote ulikuwa wa saa moja na dakika arobaini. Akichelewa Jumamosi kama desturi yake, saa sita na nusu itapita yenyewe kabla hajabonyeza, na barua itatoka. Sikudhani aliuombea uchelewaji ule kama watu wa nchi nyingine wanavyoomba mvua.

*

Jumamosi saa tano alikuwa kwenye uwanja wa sherehe, mezani, chini ya jukwaa kuu. Maana lazima isemwe wazi: kitufe cha Rais kilikuwa kengele ya mlango. Waya wake ulishuka hadi kwenye taa ndogo nyekundu juu ya meza ya Sikudhani. Taa ikiwaka, ni yeye ambaye angegonga vitufe kumi na kimoja vya kibodi na kuisogeza saa ya taifa. Kando ya kompyuta alikuwa ameweka mfuko wenye shati.

Pembeni yake alikaa Bwana Mtengo, Afisa Usalama wa Vitufe, mwenye karatasi iliyoorodhesha vile kumi na kimoja.

"Ukigusa cha kumi na mbili," alisema kwa upole, "nitajua."

"Nikipiga chafya?"

"Piga upande wa pili."

Kwenye skrini ilionekana orodha ya kazi za siku ile. Namba mia na kumi na nne ilikuwa na kidoa cheupe. Ikitendeka, kidoa kingegeuka kijani. Saa kubwa ya uwanja ilisema saa sita kasoro kumi, viti bado vilikuwa vikishushwa kwenye malori, na wanakwaya walikuwa nyuma ya jukwaa wanakula wali. Kila kitu kilikuwa kama inavyotakiwa kwa mtu atakayechelewa.

Ndipo ving'ora vikasikika.

Bwana Ngwilizi alipita mbio ameshika tai yake. "Amewahi! Jamani, amewahi!" Haikuwa imetokea kamwe, na hapakuwa na mpango wa kukabiliana nayo. Baadaye ilijulikana kwamba mpambe wa Rais, kwa kutaka bwana wake awe raia wa kwanza kufurahia saa mpya, aliisogeza saa ya mkononi ya Mheshimiwa mbele kwa saa nzima tangu alfajiri. Rais aliamini amechelewa kwa heshima yake yote, kumbe amefika saa sita kasoro dakika tatu.

Ikatangazwa kwenye kipaza sauti kwamba, kwa kuwa Mheshimiwa ameshafika, ngoma na gwaride zimefutwa. Waziri wa Nuru, Profesa Nyagori, atasema maneno mafupi, halafu kitufe.

Profesa alipanda saa sita na dakika mbili. Alikuwa na karatasi moja. Sikudhani aliiona ikipepea na moyo wake ukapepea nayo.

"Mheshimiwa Rais, Jua Letu la Pili," alianza Profesa. "Mheshimiwa Makamu. Mheshimiwa Spika. Waheshimiwa mawaziri mliopo, mliosafiri, na mnaotarajiwa." Akaendelea kuwataja majaji, wakuu wa majeshi, wakuu wa mikoa na vyuo, mpaka alipofika kwenye Mkurugenzi wa Samaki wa Maji Baridi. Hapo akapumua. Saa sita na dakika tisa. "Itifaki imezingatiwa."

Watu wakapiga makofi kwa shukrani. Sikudhani hakupiga. Dakika ishirini na moja zilikuwa bado, na mtu aliyesema itifaki imezingatiwa hana tena mahali pa kujificha, lazima aseme alichojia. Alitazama huku na huku. Vitufe vilikuwa na mlinzi, lakini kalamu haikuwa na mlinzi. Katika safu ya tatu alimwona bibi mmoja mnene anayejipepea kwa kanga. Akachana kipande cha ratiba ya sherehe, akaandika: *Mheshimiwa, hujamtaja Mama Mkwe wa Rais.* Akampa Bwana Mtengo.

Bwana Mtengo alisoma, akageuka rangi. Kumfikishia Waziri kikaratasi katikati ya hotuba kulikuwa kosa. Kukikalia kulikuwa kosa kubwa zaidi. Alisimama, na kwa muda mfupi Sikudhani aliona vidole vyake mwenyewe vikisogea kwenye kibodi. Lakini Bwana Mtengo hakuwa mgeni wa kazi. Aliichomoa kibodi, akaitia kwapani na kupanda nayo jukwaani.

Profesa Nyagori akasoma kikaratasi na jasho likamtoka. Mama Mkwe hawezi kutajwa baada ya samaki. Cheo chake kilikuwa kati ya Makamu na Spika, na kwa kuwa orodha ilikwisha fungwa, hapakuwa na njia isipokuwa kuifungua tangu mwanzo.

"Mheshimiwa Rais, Jua Letu la Pili," alisema upya.

Uwanja mzima ukaelewa kilichotokea, na kila aliyesahaulika akapata tumaini. Vikaratasi vikaanza kupanda jukwaani: Chama cha Wafuga Nyuki, Umoja wa Wajane wa Mabalozi, mganga wa meno. Profesa akawa anarudi nyuma hatua tano kila anapokwenda mbele saba. Saa sita na robo ikapita, halafu na dakika ishirini, halafu ishirini na tano. Sikudhani alikuwa ameukumbatia mfuko wa shati bila kujua.

Saa sita na dakika ishirini na nane, Rais alitazama saa yake ya mkononi. Kwake ilikuwa karibu saa saba na nusu, na njaa ilikuwa ikimuuma.

"Inatosha," alisema, akainuka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kengele, akanyoosha kidole. Saa kubwa ilisema saa sita na dakika ishirini na nane, sekunde arobaini. Kidoa kilikuwa cheupe. Bwana Mtengo alikuwa amekwisha irudisha kibodi na kidole chake kilikuwa juu ya karatasi, tayari kuhesabu.

Sikudhani hakufikiri. Alisimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, kama watu wote wa nchi ile wanavyosimama wimbo wa taifa unapopigwa. Kiongozi wa bendi ya brasi, aliyekuwa akisinzia kidogo, alimwona mtumishi wa serikali amesimama wima na Rais amesimama wima. Akaamini kabisa kwamba amechelewa. Fimbo ikainuka na tarumbeta zikalia.

Bwana Mtengo akasimama. Mawaziri wakasimama. Rais mwenyewe, kidole kikiwa kimebakiza unyoya kuigusa kengele, akaganda, maana adhabu ya kutikisika wakati wa wimbo ule ilikuwa miaka mitatu na sheria aliitia sahihi yeye. Wimbo ulikuwa na beti tatu, na ubeti wa nne ulioongezwa kumsifu yeye. Ubeti wa kwanza ukaisha. Saa ikasema ishirini na tisa na nusu. Sikudhani alitazama mbele kama sheria inavyotaka, lakini jicho la kushoto lilitazama skrini mpaka likatoa machozi. Katikati ya ubeti wa pili, kwenye neno *daima*, kidoa kiligeuka kijani.

Wimbo ulipokwisha, taa nyekundu iliwaka. Akagonga vitufe kumi na kimoja bila kukosea hata kimoja, na ikawa saa saba.

*

Alikuwa amekwisha tia mfuko begani mtu wa televisheni ya taifa alipojitokeza. Kifuniko cha kamera hakikuwa kimeondolewa. Hakuna kilichonaswa.

Rais alifikiri. "Basi turudie."

"Turudie tangu saa sita kamili," alisema Profesa Nyagori, "kama ilivyochapwa kwenye ratiba. Nami nisome yote."

Bwana Mtengo akatoa karatasi nyingine, ya dharura, ya kurudisha saa nyuma. Sikudhani akagonga, na mchana ule nchi nzima ikaingia saa sita kwa mara ya pili. Ndipo alipoelewa. Kompyuta haina kumbukumbu ya aibu. Ikifika saa sita na nusu tena, itaichapa barua tena. Na kulikuwa na kanuni aliyoijua vizuri: barua ya serikali yenye pacha wake huhesabiwa ya kughushi, na aliyeandikwa humo hubaki ndani mpaka ijulikane pacha mwongo ni yupi. Katika kesi ya mwisho ya namna hiyo, pacha walikuwa bado wakichunguzwa, mwaka wa sita sasa.

Sasa aliomba kinyume cha alichokiomba mwanzo. Aliomba Waziri afupishe. Profesa, mbele ya kamera iliyo wazi, hakumsahau hata mganga wa meno. Saa sita na nusu ya pili ikaja, na kidoa kikawaka kijani kingine kando ya kile cha kwanza. Taa nyekundu ikawaka, saa saba ikatimia mara ya pili, fataki zikarushwa ambazo hazikuonekana kwa sababu ya jua. Sikudhani akakimbia.

*

Shomvi alikuwa amesimama kwenye lango la Nyumba ya Mapumziko, nje kwa mguu mmoja. Amekonda, shingo imekuwa ndefu. Kwenye kaunta palikuwa na askari mnene mwenye barua mbili, anazilinganisha.

"Mama, wewe ndiye mwenye mtu huyu?"

"Ni mimi, afande."

"Barua zimekuja mbili. Muhuri mmoja, namba moja, jina moja."

"Kompyuta imeko—" alianza Sikudhani, akajikata.

"Kompyuta ya Taifa haikosei," alisema askari kwa ukali. "Kusema inakosea ni siku tisini. Kanuni ya pacha ni ya barua za watu; hizi za kompyuta zote mbili ni za kweli. Na barua moja ni mtu mmoja anayetoka. Huyu nimekwisha mtoa mara moja, bado mara moja." Akamgeukia Shomvi. "Kaka, rudi ndani nikutoe tena. Ni dakika moja tu."

Shomvi, ambaye siku tisini zilikuwa zimemfundisha utii, akauvuta mguu wake uliokuwa nje. Sikudhani akamshika mkono.

"Ataingia kwa hati gani, afande?"

"Eh?"

"Mtu haingii humu bila hati ya kumpumzisha. Anayo?"

Askari akafungua droo, akaifunga. "Hana."

"Ukimwingiza bila hati, hesabu yako ya jioni itazidi mtu mmoja."

"Na nisipomwingiza, waliotoka watapungua mmoja." Alijikuna kisogo kwa muda mrefu. Wote wawili waliisikia sauti ya kucha zake. "Nitalitafutia dawa," alisema mwishowe. "Nendeni. Msigeuke nyuma, nisije nikabadili mawazo."

Hawakugeuka. Walipofika barabara kuu Sikudhani alilia kwa sauti, na mumewe akamwuliza ni saa ngapi, naye akashindwa kumjibu.

*

Siku ya tatu, asubuhi, mlango ukabishwa. Nje palikuwa na mzee aliyevaa gunia la sukari lililotobolewa mikono. Alishika barua.

"Shikamoo, mzee," alisema Sikudhani.

"Marahaba, mwanangu. Samahani. Hapa ndipo kwa Shomvi, mchapa kalenda?"

"Ndipo. Nikuitie?"

"Hapana, basi nimefika." Akampa barua. Ilikuwa ya kuachiwa huru, yenye jina la mumewe. "Afande aliniambia mimi ndiye Shomvi mpaka nifike kwenye anwani hii. Jina langu la kweli ni Nganzo. Niliingia kwa siku tisini."

"Lini, baba?"

"Mwaka wa nzige."

Nzige walikuwa wamekuja miaka kumi na moja iliyopita. Shomvi alitoka chumbani, akasikia, akalivua shati la samawati na kumvika mzee. Lilimpwaya, lakini alilifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Walimpa uji, akaunywa akitazama mlango ulio wazi.

Mwezi wa tisa ulipokaribia, wakati wa wananchi kurudishiwa saa yao, Bwana Ngwilizi alimwita Sikudhani ofisini. Safari hii saa saba ingerudi kuwa saa sita, na saa sita na nusu ingepita mara mbili. Wizara ilitaka ripoti iliyotiwa sahihi: je, kati ya kazi mia tatu na kumi na mbili, kuna yoyote itakayoleta matatizo?

"Umechunguza vizuri?" aliuliza Mkurugenzi. "Huna mtu kule sasa?"

"Sina, Mkurugenzi."

"Basi naweza kukuamini. Andika."

Sikudhani aliandika: *Hakuna hitilafu.* Bwana Ngwilizi akatia muhuri. Kabla ya kutoka kazini Sikudhani aliifungua orodha ya gereza, akahesabu ambao siku zao zingetimia tarehe ile. Walikuwa kumi na saba; barua zingekuwa thelathini na nne.

Jioni, jua likiwa linazama saa mpya ya saa moja pale palipokuwa pake tangu zamani, alipitia kwenye mitumba ya sokoni. Alichagua mashati ya mikono mirefu, akayapanga juu ya turubai.

"Ni kumi na saba haya, dada," alisema muuzaji. "Ya saizi gani?"

"Siwajui," alisema Sikudhani. "Nichanganyie."